Je, bahari imekula ardhi, au ramani ndiyo iliyosogea?

Swali: Ndugu mtaalamu, nimerithi ramani ya karatasi ya pwani ya Afrika Mashariki, ya skeli ya 1:50,000, iliyochapishwa mwaka 1967. Niliipitisha kwenye skana, kisha nikaipachika juu ya picha ya setilaiti kwa kutumia namba za gridi zilizochapishwa pambizoni. Matokeo yamenishtua. Ufuo wa ghuba unaotazama kaskazini umerudi nyuma kama mita 300. Ufuo wa ng'ambo, unaotazama kusini, umeongezeka karibu kiasi hicho hicho. Na ulimi wa mchanga kwenye mdomo wa mto umerefuka kwa mita 800 kuelekea kaskazini. Wazee wanasema bahari imekula ardhi. Ndugu yangu anasema ramani za zamani zilichorwa kwa kubahatisha. Nani yuko sahihi? Pambizoni pia kuna maandishi madogo, "Clarke 1880" na "Arc 1960", ambayo sikuyaelewa nikayapita.

Jibu: Ndugu msomaji, maandishi hayo madogo uliyoyapita ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya jibu. Hata hivyo, kabla ya kuyafikia ningependa uitazame upya habari uliyoniletea, kwa sababu ndani yake umo ushahidi ambao huenda hukuutilia maanani. Ufuo mmoja umepungua mita 300, na ufuo unaoukabili umeongezeka kiasi hicho hicho. Bahari haina tabia ya kunyang'anya upande mmoja na kulipa upande wa pili kwa rula. Pale ambapo kingo mbili zinazotazamana zimesogea pamoja, kuelekea upande mmoja na kwa umbali mmoja, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kilichohama ni karatasi yenyewe.

Njia ya kulithibitisha hilo haihitaji utaalamu. Iache bahari kwanza. Tafuta katika ramani yako vitu ambavyo havitembei: njia panda ya barabara kuu, kichwa cha daraja la reli, jengo kubwa la mawe, au bikoni ya upimaji juu ya kilima, ambayo kwa kawaida huonyeshwa kwa pembetatu ndogo yenye nukta katikati. Chagua vinne au vitano vilivyo mbali na maji, vilivyotawanyika katika karatasi nzima badala ya kurundikana sehemu moja, kisha pima tofauti kati ya mahali kila kimoja kilipo katika ramani na mahali kilipo katika picha. Natarajia utakuta kwamba njia panda ya ramani imekaa kaskazini ya njia panda ya picha kwa milimita sita hivi za karatasi, na magharibi yake kwa karibu milimita mbili. Katika skeli ya 1:50,000 kila milimita ni mita 50 za ardhini, kwa hiyo tunazungumzia mita 300 kaskazini na mita 90 hadi 100 magharibi. Njia panda hailiwi na bahari. Ukikuta kwamba tofauti hiyo inajirudia katika kila kitu ulichopima, shauri la mita 300 limekwisha.

Niliweza kuzitaja namba hizo bila kuiona ramani yako kwa sababu ya "Arc 1960". Dunia haikukamilika kuwa tufe; imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kutanuka kwenye ikweta, tena uso wake una mabonde na vilima. Mpima ardhi hawezi kupiga hesabu juu ya umbo kama hilo, kwa hiyo hulibadilisha kwa umbo laini la kihesabu linalokaribiana nalo. Clarke 1880 ni umbo mojawapo la aina hiyo, lililopewa jina la Alexander Ross Clarke, Mwingereza aliyelikokotoa. Lakini umbo peke yake halitoshi; lazima lifungwe kwenye ardhi halisi, ili ijulikane ni nukta ipi ya umbo inayolingana na jiwe lipi la ardhini. Mafungamano hayo ndiyo yanayoitwa datumu. Datumu ya Arc 1960 imetokana na mlolongo mrefu wa pembetatu za upimaji uliofuata longitudo ya 30 mashariki, kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kazi iliyoanza karne ya 19 na ambayo pengo lake la mwisho lilizibwa mwaka 1954. Waliofanya kazi hiyo walipanda vilima wakiwa na vyombo vya kupimia pembe, wakatazamana kutoka kilele hadi kilele kwa vioo na taa. Hawakuwa na namna ya kujua kwa hakika kitovu cha dunia kiko wapi.

Setilaiti, kwa upande wake, huzunguka kitovu hicho, na ndiyo maana WGS84, datumu inayotumiwa na GPS na karibu kila ramani ya simu, imefungwa kwenye kitovu cha uzito wa dunia nzima. Vitovu viwili hivi havilingani. Kwa wastani wa vipimo vinavyotumika Afrika Mashariki, vimeachana kwa takriban mita 160 katika mhimili mmoja, mita 6 katika wa pili, na mita 302 katika mhimili unaopita kwenye ncha za dunia. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hizo mita 302 tunazihisi karibu zote kama msogeo wa kaskazini na kusini. Ukichukua namba ya gridi ya Arc 1960 na kuipa programu kana kwamba ni ya WGS84, programu itakutii bila kulalamika na kuiweka ramani nzima mita 300 kaskazini ya mahali pake. Ndiyo maana ufuo wako unaotazama kaskazini umeonekana kuliwa, kwa kuwa mstari wa zamani umetupwa baharini, na ule unaotazama kusini umeonekana kukua, kwa kuwa mstari wake umetupwa nchi kavu. Na kama kuna sehemu ya pwani yako inayotazama mashariki, kaitazame: utaona kana kwamba ardhi imeongezeka kwa mita 90 na kitu, wala hilo nalo usilisherehekee.

Tiba yake ni kuitambulisha ramani kwa datumu yake yenyewe, kisha kuiachia programu kazi ya kuigeuza. Katika QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, Arc 1960 ya gridi ya UTM (mfumo wa gridi unaoigawa dunia katika kanda) katika ukanda wa 37 kusini mwa ikweta ina msimbo 21037, na WGS84 ya ukanda huohuo ina msimbo 32737. Kosa lako, kwa lugha ya programu, lilikuwa kuchagua wa pili mahali pa wa kwanza. Programu inaweza kukuuliza uchague kanuni ya ugeuzaji kati ya kadhaa, kwa sababu nchi mbalimbali zilikokotoa vipimo vyao, na hivyo hutofautiana kwa mita kadhaa. Chagua ile iliyotajwa kwa nchi ya ramani yako. Ukimaliza, rudia kipimo cha njia panda. Zisipokaa sawa hapo, usiendelee mbele.

Tahadhari moja kuhusu upachikaji wenyewe. Karatasi ya tangu 1967 imenyonya unyevu, imekauka, imekunjwa na kukunjuliwa, na haiwezi kuwa na vipimo vilevile ilivyotoka navyo mtamboni. Tumia makutano ya gridi yasiyopungua kumi, yaliyoenea hadi kwenye pembe nne, na uridhike na kanuni nyepesi ya kunyoosha. Programu ina kanuni nyingine nzito zaidi ambazo hupinda ramani hadi kila nukta ikubali, na wanaoanza huzipenda kwa sababu kosa linaloandikwa mwishoni huwa dogo sana. Lakini kosa hilo limefichwa katikati ya nukta, mahali ambapo hukupima, na pengine ndipo ufuo wako unapopita.

Sasa turudi kwenye vipimo vyako vitatu. Viwili vya kwanza, ukishasahihisha, huenda vikabakia na tofauti ya makumi machache ya mita, au pasibakie kitu. Cha tatu kinakwenda kinyume, na hapa ndipo watu wengi hushangaa: ulimi wa mchanga uliorefuka kwa mita 800 kuelekea kaskazini haupungui baada ya masahihisho, bali unaongezeka. Ncha yake ya zamani ilikuwa imesogezwa mita 300 kaskazini kimakosa. Ukiirudisha kusini mahali pake, urefu ulioongezeka unakuwa kama mita 1,100. Kosa la datumu halizui mabadiliko ya uongo tu, huweza pia kuyafunika ya kweli. Kama ulimi ungekuwa umekua kwa mita 300 tu, ungetazama ramani yako na kusema kwamba mdomo wa mto haujabadilika tangu 1967.

Kuhusu madai ya ndugu yako kwamba ramani zilichorwa kwa kubahatisha, nitamtetea mchoraji. Ramani nyingi za 1:50,000 za Afrika Mashariki za kipindi hicho zilitokana na picha zilizopigwa kwa ndege, zikapachikwa kwenye bikoni zilizopimwa ardhini, na kuchorwa kwa vyombo ambavyo mchoraji alitazama picha mbili kwa macho mawili hadi vilima vikainuka mbele yake. Idara ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya kupima makoloni yake ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kiwango chake bado kinaheshimiwa. Kipimo kinachotumiwa mara nyingi kuhukumu ramani za namna hii ni kwamba kitu kinachoonekana wazi kiwe ndani ya nusu milimita ya mahali pake, ambayo katika skeli yako ni mita 25 ardhini. Huko si kubahatisha, ingawa pia si usahihi wa kumhukumu mtu kwa mita 10 za kiwanja. Tena kumbuka kwamba mstari wenyewe wa wino una unene. Mstari wa robo milimita hufunika mita 12 hivi za pwani.

Lakini mwaka 1967 ni mwaka wa kuchapishwa, sio wa kupigwa picha. Tafuta pambizoni maelezo ya tarehe za picha za ndege. Mara nyingi zimetangulia uchapishaji kwa miaka mitano, kumi, au zaidi, na katika karatasi moja upande mmoja unaweza kuwa wa mwaka mmoja na upande mwingine wa mwaka mwingine. Kwa pwani ya bahari tofauti hiyo hubadilisha hesabu ya kasi tu. Kwa maziwa inaweza kubadilisha hukumu nzima. Ziwa Victoria lilipanda kwa takriban mita 2.5 kati ya mwisho wa mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa zilizofuatana, na halikufikia tena kimo cha Mei 1964 mpaka Mei 2020. Ramani mbili za mwambao wake zilizochapishwa mwaka mmoja, moja kwa picha za 1958 na nyingine kwa picha za 1964, zingeonyesha maziwa mawili tofauti, na zote zingekuwa sahihi.

Nije kwenye jambo ambalo mimi huliona kuwa gumu kuliko datumu, nalo ni swali linaloonekana la kitoto: mstari wa pwani ni nini? Mchoraji wa ramani ya nchi kavu kwa kawaida alikusudia alama ya maji yakijaa. Ramani za mabaharia hupima vina kutoka kwenye maji yaliyopwa sana, kwa sababu nahodha anataka kujua hali mbaya kabisa itakayomkuta. Picha ya setilaiti haikusudii chochote. Inaonyesha maji yalipokuwa dakika ile ilipopigwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, siku za bamvu, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Ufuo ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita 50, ambao ni wa kawaida sana, kila mita moja ya maji hufunika au kufunua mita 50 za mchanga; kwa hiyo kati ya kujaa na kupwa kwa siku moja ukingo wa maji unaweza kuhama mita 150 hadi 200 bila punje moja ya mchanga kupotea.

Hapa kuna mtego ambao wavuvi wangeutambua upesi kuliko wataalamu wa kompyuta. Setilaiti zinazotumika zaidi kwa kazi hii zimepangwa zipite juu ya kila mahali kwa saa ileile ya jua, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi. Katika pwani yetu, siku za bamvu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba picha iliyopigwa siku ya bamvu daima itakuonyesha maji yaliyopwa, ufuo mpana na miamba iliyo wazi. Picha iliyopigwa siku za maji mafu, ambazo maji hupanda na kushuka kidogo, itakuonyesha hali iliyo karibu na kujaa kwa siku hizo, ambako nako ni kujaa kudogo. Maji ya bamvu yakiwa juu kabisa hutayaona kwa setilaiti hizo hata ukikusanya picha za miaka 40. Anayelinganisha mstari wa ramani, ambao ni wa maji kujaa, na picha ya bamvu ya saa nne asubuhi, atatangaza kwamba nchi inaongezeka. Kwa sababu hiyo nakushauri usifuate ukingo wa maji kabisa. Fuata ukingo wa mimea ya kudumu, pale ambapo mchanga mtupu unakutana na majani na vichaka, kwa kuwa mimea hiyo haijibu kila maji yanapojaa, bali hukaa mahali ambapo bahari haifiki kwa miaka kadhaa.

Sasa unaweza kujumlisha mashaka yako. Tuseme ramani ina shaka ya mita 25, upachikaji wako mita 15, picha mita 10, na utambuzi wa mstari wenyewe mita 30. Mashaka ya aina hii, yasiyotegemeana, hayajumlishwi moja kwa moja; kila moja huzidishwa kwa lenyewe, yote yakajumlishwa, kisha ukatafuta kipeuo cha pili. Utapata kama mita 43. Tofauti ya mita 40 katika ufuo wako baada ya masahihisho haikuambii chochote. Tofauti ya mita 100 inasema jambo. Mita 1,100 za ulimi wa mchanga hazina ubishi.

Namna ya kujua lini ulimi huo ulikua, na kama unaendelea, ni kuacha kulinganisha tarehe mbili tu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972, na tangu mwaka 2008 hazina yote ya picha zake imekuwa bure kwa kila mtu. Picha za miaka ya sabini zina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, zinazochukua mita 80 hivi za ardhi. Tangu 1982 zipo za mita 30. Na tangu 2015 setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinatoa pikseli za mita 10. Ulimi wa kilometa moja unaonekana hata katika zile za zamani kabisa. Usitumie picha za setilaiti zilizomo katika ramani za simu kwa kazi hii, kwani zimeunganishwa kutoka tarehe mbalimbali, na mara nyingine mshono kati ya mwaka mmoja na mwingine hupita katikati ya ufuo. Ukikutana na picha za Landsat 7 zenye mistari myeusi kama pundamilia, ni kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika Mei 2003. Mistari hiyo haina uhusiano wowote na ardhi. Chagua picha za mwezi uleule, kwa sababu upepo wa Kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini na ule wa Kaskazi huurudisha kusini, na ufuo wa Agosti si ufuo wa Januari. Picha moja kwa kila miaka mitatu au minne inatosha kuonyesha kama ulimi ulikua polepole au uliruka katika msimu mmoja wa mafuriko.

Ninasisitiza hilo kwa sababu nimechoshwa na picha mbili zinazowekwa ubavu kwa ubavu, "zamani" na "sasa", kana kwamba katikati hakukutokea kitu. Ziwa Chad ndilo mfano ninaokutana nao mara nyingi. Miaka ya sitini lilikuwa na kilometa za mraba 25,000 hivi, na katikati ya miaka ya themanini, baada ya ukame wa Saheli, maji yake ya wazi yalishuka chini ya 2,000. Picha hizo mbili ni za kweli. Lakini ziwa hilo ni la kina kifupi mno, hubadilika sana kati ya msimu na msimu, na sehemu kubwa ya eneo lililoonekana kukauka imegeuka kuwa kinamasi cha matete, ambapo maji yamejificha chini ya mimea; tena tangu miaka ya tisini limerudi kiasi. Anayetazama picha mbili anaona ziwa linalokufa kwa mstari ulionyooka, na akiuchora mstari huo mbele zaidi anatabiri mwaka wa kufa kwake. Bahari ya Aral ni habari nyingine kabisa: maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa kwenye mashamba ya pamba, na ziwa lililokuwa na kilometa za mraba 68,000 mwaka 1960 lilipungua mwaka hadi mwaka hadi kubakia sehemu ndogo yake. Mfululizo wa picha ndio unaotofautisha pigo la ukame na mkono wa binadamu.

Ukweli wa jumla hauko upande mmoja pia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia picha milioni 3 za Landsat za kati ya 1984 na 2015, ulikuta kwamba karibu kilometa za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka duniani, ilhali 184,000 mpya zilitokea, nyingi zikiwa nyuma ya mabwawa. Barafu ya Kilimanjaro, kwa upande mwingine, ilipimwa mwaka 1912 kuwa na kama kilometa za mraba 12, na mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Hapo hakuna shaka ya datumu wala ya wino inayoweza kuokoa kitu.

Wazee wako nao wasikilizwe, ila katika jambo wanalolijua. Kima cha bahari duniani kilipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yake inaongezeka. Katika mteremko wa moja kwa 50 hizo ni mita 10 za ufuo, si 300. Ikiwa ufuo wako umeliwa kweli kwa kiasi kikubwa, mara nyingi chanzo ni hesabu ya mchanga: mto uliokuwa ukiuleta umezibwa na bwawa, au mchanga unachotwa kwa ujenzi, au ukuta uliojengwa upande mmoja unazuia mchanga usifike upande wa pili. Delta ya Nile ilianza kumomonyoka vibaya kwenye mdomo wa Rosetta baada ya mabwawa ya Aswan kuzuia tope lake. Ulimi wako unaokua unaashiria kinyume chake, kwamba mchanga upo, na kwamba Kusi inashinda Kaskazi katika kuusukuma. Jiulize unatoka wapi. Wakati mwingine ulimi hukua kwa kula ufuo ulio kusini yake, na hapo ndipo kumbukumbu ya mzee inapokuwa na thamani kuliko picha yangu: mwambie akuonyeshe kisima kilikuwa wapi, mnazi gani ulianguka, na mwaka gani mashua ziliacha kuegeshwa mahali fulani. Vipimo hivyo havihitaji datumu.

Na kwa kuwa unaishi karibu na ghuba hiyo, anza mfululizo wako mwenyewe. Chagua vitu vitatu vya kudumu nyuma ya ufuo, kona za majengo au mawe makubwa yaliyozama ardhini, na kila baada ya miezi mitatu pima kwa kamba ya mita, kutoka kila kimoja hadi ukingo wa mimea, ukielekea upande uleule kila mara. Andika tarehe, na andika kama ni bamvu au maji mafu. Simu yako hukosea kwa mita 5 hivi hata mbingu zikiwa wazi. Kamba haitakosea hata kwa nusu mita.